Rudi, Tajiri, Rudi

…rudi, anasema, rudi, rudi, na mguu wangu wa kushoto umekandamiza klachi mpaka chini, gia ya kurudi nyuma imeshaingia, nimeisikia ikiguna, lakini kwenye kioo simwoni, kioo cha kushoto kina ukuta wa ghala na ubavu wa tela na kamba ya turubai inayoning'inia, kioo cha kulia kina madereva wanne waliokaa juu ya rundo la mbao, wanatafuna karanga na kunitazama kama watu waliokata tiketi, na yeye, mume wangu, aliyekuwa kushoto sasa hivi tu, magongo mawili na kofia ya buluu na suruali iliyokunjwa ikafungwa pini pale goti lilipokuwa, hayupo, sauti ipo, mtu hayupo, rudi, tajiri, rudi, na ni yeye mwenyewe aliyenifundisha, kule kwenye uwanja mtupu, tulipopanga matairi mabovu yawe kama mlango, akaniambia usiponiona kwenye kioo simama, hata nikikuita simama, sauti haina mahali, mtu ndiye mwenye mahali, akanirudisha mara kumi mpaka nikashika, sasa anaita na hajionyeshi, yuko wapi huyu, yuko nyuma ya tela katikati, kati ya chuma changu na jukwaa la saruji, pale ambapo hakuna kioo kinachofika…

"Mlango namba mbili!" huyo ni msimamizi wa ghala, kiti cha plastiki, filimbi shingoni, "Mnapakua au mnapiga picha? Watu wanasubiri!" na wanaosubiri hawana haraka yoyote, wana karanga, hii ni mara yangu ya nne, mara ya kwanza tela lilikwenda upande wake kama mbuzi aliyevutwa sikio, mara ya pili nikakata usukani mapema, mara ya tatu nikagusa nguzo na taa ya nyuma ikapasuka, mmoja wao akasema, "Mama, hilo lina kiungo katikati, si kigari cha kusukumia mtoto!" wakacheka mpaka karanga zikawapalia, usukani kulia ili mkia uende kushoto, kitu gani duniani hufanywa kinyume hivyo, miaka kumi na tisa nimekuwa karani wa shule, faili ukiliandika jina linakaa kabatini chini ya herufi yake, haligeuki likakusukuma ukutani, na anayecheka kuliko wote ni yule mwenye jino la dhahabu, huyo alilala sebuleni kwetu miezi mitatu akifundishwa usukani na mume wangu, akila kwenye sahani zangu, akiniita shangazi, leo hanijui, leo anamwuliza mwenzake kwa sauti ya kusikika, "Hivi huyu ndiye tajiri mwenyewe?" na mwenzake anajibu kitu nisichokisikia, wanacheka tena, sikuhitaji kukisikia.

Tajiri, jina hilo alianza kuniita mume wangu siku lori lilipoletwa, madereva wote humwita hivyo mwenye gari, hata kama mwenyewe analala na njaa, alilizunguka lile lori akipapasa ubavu wake kama anayempapasa ng'ombe wa mahari, miaka ishirini na miwili alikuwa ameendesha magari ya watu, akafungua mlango akaniinamia, "Karibu, tajiri, dereva wako yuko tayari," tukacheka wote wawili, jirani akacheka, nilikuwa nimeacha kazi mapema, kiinua mgongo changu chote kiligeuka magurudumu kumi na manane, na kadi ya gari niliiandikisha kwa jina langu, kwa jina langu peke yangu, hilo nalo lilikuwa shauri la kaka, kaka yangu mkubwa mwenye duka la mabati na misumari, aliniita dukani kwake akafunga mlango kama mtu anayetaka kunionyesha jipu, akasema, "Dada, wewe ni mgeni wa kazi hii, sikiliza, dereva ni dereva, hata akiwa baba wa watoto wako, dereva akikwambia gari bovu ujue mfuko wake ndio mbovu, ataleta risiti ya spea ambayo haijawahi kufungwa, atakula mafuta, atakula matairi, mwisho atakula na wewe," na mimi nikatikisa kichwa kama mwanafunzi, nikanunua daftari, mimi bila daftari si mtu, nikaanza kumwangalia mume wangu aliponawa mikono, nikaanza kumwangalia alipotoa shati, mwanamume ambaye hakuwahi kuniibia hata kijiko cha sukari, nikaanza kunusa maneno yake.

Ningejuaje. Hilo ndilo nimelisema tangu siku ile, kwa mama mkwe, kwa mchungaji, kwa wifi zangu waliokuja na midomo iliyobana, ningejuaje, nilikuwa mgeni wa kazi, sikujua kutofautisha breki na baridi… "Kata kidogo kulia!" anaita, bado simwoni, sikati, sina mkono wa kukatia, mikono yote miwili imegandana na usukani na jasho limefanya plastiki iteleze… ilikuwa Jumamosi mchana, jua la kupasua kichwa, alikuja kutoka kuegesha akasimama mlangoni pa jikoni, hakuingia, buti zake zilikuwa na grisi na mimi nilikuwa nimetoka kupiga deki, akasema, "Upepo wa breki unavuja kwenye tela, nikikanyaga breki mshale wa kipimo unashuka haraka, zinashika, lakini zinachelewa kushika," akasema hivyo hivyo, taratibu, kwa sababu ndilo lililokuwa jina lake kwa madereva wenzake, Taratibu, mtu aliyekuwa akiteremka na gia ya chini mpaka waendesha baiskeli wakampita wakimpungia mkono, akasema, "Tumpe fundi siku mbili," nami nikamwuliza, bila kugeuka, nikikata kitunguu, "Siku mbili, au mbili za fundi na tatu zako?" nikasikia buti zake zikirudi hatua moja nyuma, nikasema, "Mzigo wa Jumatatu nimeshauahidi, peleka huo, ukirudi tutatengeneza," akasema, "Mama, kuna ule mteremko," nikasema, "Si unaitwa Taratibu? Teremka taratibu," nikacheka, mimi ndiye niliyecheka, kitunguu kilikuwa kinanitoa machozi na nilikuwa nacheka.

Hakubishana, kwa hilo nimemlaumu moyoni, mwanamume gani asiyebisha, angebisha, angenipiga kelele, angezificha funguo, mwanamume anayeujua mteremko ule kama kiganja chake na bado anamwacha karani aamue, si na yeye ana lake hapo, na ndiyo, nimefikiri hivyo, nimefikiri hivyo nikimwosha mgongo, nikimshika kwapa asianguke bafuni, nimefikiri ungebisha, mjinga wewe, leo ungekuwa na miguu miwili.

Jumatatu saa tano asubuhi simu ililia, mtu nisiyemjua, "Wewe ndiye mwenye lori la kichwa cha kijani?" hakuuliza kama mimi ni mke wa mtu, aliuliza kama mimi ni mwenye lori, nikaitika, ndiyo, mimi ndiye, na swali la kwanza lililotoka kinywani mwangu, hili hakuna anayelijua, ila yule wa simu aliyelisikia, na simjui na Mungu amweke mbali nami mpaka kufa, swali la kwanza halikuwa yu hai au amekufa, lilikuwa, "Mzigo umemwagika?"… mume wangu alikuwa ameona kona ya nne inakuja na breki hazina kitu, mbele yake kuna basi limejaa watu, akalivuta lori upande wa mlima, akalikwaruza kwenye mwamba makusudi, mita mia mbili, upande wake mwenyewe, upande wa dereva, mpaka mlango ukaingia ndani na kila kitu kilichokuwa nyuma ya mlango kikaingia pamoja nao, basi likaenda zake, abiria hawakujua hata jina la mtu aliyewanunulia siku hiyo.

Hospitali walinipa karatasi, mimi nazipenda karatasi, ndiyo kazi yangu, nikaisoma yote kabla ya kutia sahihi, na muuguzi, msichana mwenye sauti laini kabisa, akaniuliza, "Mama, mguu mtauchukua mkauzike au tuuteketeze hapa?" kama anayeuliza chai iwe na maziwa au bila maziwa, nikamwuliza wengine hufanyaje, akasema kila mtu na familia yake, nikasema teketezeni, peke yangu, bila kumwuliza mwenye mguu, alikuwa bado kwenye usingizi wa dawa, alipoamka aliuliza uko wapi, nikamwambia, akatazama dari, akasema, "Haya, tajiri." Hiyo ndiyo mara ya kwanza neno lile lilipokuja bila kicheko, na tangu hapo halijakibeba tena.

Na afande wa barabarani alikuja siku ya tatu na kalamu, akavuta kiti, mimi nimesimama upande wa dirisha na chupa ya chai mkononi, akauliza, "Mzee, gari lilikuwa na hitilafu yoyote kabla ya safari? Tajiri alijulishwa?" na mume wangu hakunitazama, alitazama shuka pale liliposhuka ghafla kama barabara iliyokatika, akasema, "Gari lilikuwa zima, afande, mimi nilikosa gia, kosa langu," afande akaandika, bima ikalipa, lori likanyooshwa bati na kupakwa rangi na breki mpya zikafungwa, na Taratibu akawa hadithi ya vijiweni, Taratibu kakosa gia, Taratibu siku hiyo alikuwa na haraka ya wapi, Taratibu alisinzia, wale aliowafundisha wakacheka kuliko wasiomjua, na mimi sikufungua mdomo, nilimimina chai, nilimpa na afande kikombe, akashukuru, akasema mama una mkono mzuri wa chai.

Mama mkwe hakusoma karatasi ya afande, hajui kusoma, alikaa kwenye ukingo wa kitanda akasema akitazama ukuta, "Mwanangu ameendesha magari ya watu miaka ishirini na miwili akarudi nyumbani na miguu miwili, gari la mkewe limemrudisha na mmoja," nikasema mama, ningejuaje, nilikuwa mgeni wa kazi, akasema, "Mgeni ndiye anayeuliza njia," akafunga kanga yake akaondoka, hajala kwangu tangu siku hiyo.

"Mama! Namba mbili! Una dakika mbili, kisha nampa mwingine mlango!" filimbi, karanga, jino la dhahabu, na kule nyuma sauti yake tena, haina papara, "Rudi, nafasi iko, rudi tu," nafasi iko, anajuaje nafasi iko kama si yeye aliyesimama ndani yake, klachi inaniunguza paja, ninahitaji kuinua kisigino kidogo tu, unene wa sarafu, na tani thelathini zitakwenda zenyewe… nilipotafuta dereva baada ya bati kunyooshwa hakuna aliyekuja, madereva wana redio yao isiyohitaji betri, kila niliyemwendea alikuwa amepata kazi kwingine, mama, asante mama, wote adabu mia mbili, mmoja tu mlevi aliniambia ukweli, "Mimi miguu yangu naipenda," kwa hiyo nikajifunza mwenyewe, nina miaka arubaini na saba, nikaenda kujifunza na watoto wenye chunusi, leseni yangu ina miezi mitano, na aliyenifundisha tela ni yeye, alijitolea, sikumwomba, alisema, "Gari haliwezi kukaa likila kutu, panda," nikadhani ni msamaha huo, nikalia kidogo nikiwa nafunga viatu, kumbe sikujua mwalimu niliyempata, hakunipigia kelele hata siku moja, ningependa angepiga kelele, alikuwa akikaa kando yangu na gongo limesimama katikati ya goti na kisiki, nikikosea anasema, "Tena," nikikosea anasema, "Tena," saa nne, tano mfululizo, nikiomba maji anasema, "Mteremko haukupi maji," na mara moja, nilipochelewa kukanyaga na tukayapanda matairi yetu ya mfano, alisema kwa upole kama anayemsomea mtoto, "Hapo umeua watu sitini," akatoa kitambaa akanifuta jasho usoni, kwa upole ule ule.

Na sasa yuko nyuma yangu. Wacha nilifikiri hili mpaka mwisho, tangu wiki ya kwanza kule uwanjani linanijia na mimi nalifukuza kama nzi, wacha leo litue, nikiinua kisigino tela litarudi, litarudi hatua tatu, mtu mwenye miguu miwili ataruka pembeni, mwenye mmoja atachelewa, na nikipiga breki nitakuwa nimechelewa kama nilivyochelewa uwanjani, na watu watakimbia, jino la dhahabu atakuwa wa kwanza kukimbia, atalia, atasema mwalimu wangu, na afande atakuja na kalamu, na nitasema sikumwona kwenye kioo, kweli tupu, muulizeni mtu yeyote, aliniita, wote wamesikia anavyoniita, na watasema maskini mama wa watu, leseni ina miezi mitano, angejuaje, alikuwa mgeni wa kazi… na hapo, hapo hasa, kwenye maneno hayo, kitu kimeniteleza ndani, kama gia inayokataa meno, kwa sababu nimeyasikia yakitoka, laini, yamezoea njia, hayakunikwaruza popote, nimeyatamka kwa mtu ambaye hajafa bado na yamekaa vizuri, na mtu hasemi uongo vizuri namna hiyo kama hajausema kabla.

Asubuhi ya leo. Asubuhi ya leo saa kumi na mbili na nusu nililizunguka lori kama alivyonifundisha, nikapiga matairi kwa nyundo, nikakaza kamba, na nilipofika nyuma ya ekseli ya mwisho ya tela nikasikia fsss, kitu chembamba, kama nyoka aliyelala, nikachuchumaa, nikaweka kiganja, upepo baridi ukanigusa kidole, nikainuka, nikapangusa mkono kwenye gauni, nikapanda kwenye kichwa nikatazama mshale, ulikuwa unashuka, si sana, kidogo, kidogo wa kusema utafika, na ghala linasema asiyefika kabla ya saa nne mlango wake anapewa mwingine, na mume wangu akaja na magongo yake akapita pale pale, ubavuni, nyuma ya ekseli ya mwisho, akasimama pale muda wa kupiga miayo miwili, nikamwona kwenye kioo, alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza mlango wa jirani, nikangoja aseme, hakusema, akaja akapanda, akajivuta juu kwa mikono, akafunga mlango, akanitazama, akasema, "Uko tayari, tajiri? Gari liko salama?" na mimi nikasema, "Liko salama, twende."

Twende. Na tukaenda, na mteremko ule ule ukatufungukia mbele kona baada ya kona, mimi nashikilia gia ya chini mpaka injini inalia, nakanyaga na kuachia, nakanyaga na kuachia, mshale unashuka na kupanda na kushuka zaidi, na yeye akatoa chungwa mfukoni akaanza kulimenya kwa kisu kidogo, ganda moja refu lisilokatika, kona ya kwanza, ya pili, ya tatu, hakutazama barabara, hakushika popote, mtu ambaye barabara hii imemla nusu hakushika popote, na kona ya nne, pale mwamba bado una rangi ya kijani ya mlango wangu, akakata pande la chungwa akaninyooshea mdomoni, "Kula, tajiri," nikafungua mdomo, nikala, lilikuwa tamu, nikafikiri, Mungu wangu, amenisamehe, ndivyo nilivyofikiri, machozi yakanijaa na nikayameza na chungwa, nikaona hapa hapa tulipoharibikiwa ndipo tunapotengenea, mjinga mimi, mjinga wa kusomea, hakuwa akinilisha, alikuwa akiningoja, kilomita arubaini alikuwa akiningoja niseme, alikuwa ameusikia upepo kabla yangu, ana masikio ya miaka ishirini na miwili, aliusikia na akapanda, akakaa juu yake na kisu na chungwa, alitaka kujua kitu kimoja tu duniani na alikuwa radhi kufa ili akijue, kama siku ile ya kitunguu sikumwamini, au nilimwamini.

Kwa sababu kama sikumwamini, basi ni ujinga, ujinga una dawa, ujinga unafundishwa uwanjani, tena, tena, mpaka ushike, na mtu anaweza kuishi na mke mjinga, wengi wanaishi, lakini mimi leo nimeusikia kwa sikio langu, nimeushika kwa kidole changu, hakuna dereva wa kunidanganya hapa, dereva ni mimi, kaka hayupo, daftari liko nyumbani, na bado nimesema liko salama… nilimwamini. Ile Jumamosi, mgongo nimempa, kisu kwenye kitunguu, nilimwamini neno kwa neno, nilijua upepo unavuja, nilijua mteremko uko, sikuwa mgeni wa kitu chochote, mwenye nyumba anajua sauti ya mtu wake anaposema kweli, yale ya risiti na mifuko niliyaokota njiani nipate cha kumjibu, nilipima tu, mzigo huku, yeye kule, kama mchuuzi, nikaona huenda atapita, ni hodari, atapita, na kama hatapita… sikumalizia, kitunguu kilikuwa kinaniuma macho, lakini mizani ilikuwa imeshalala upande wa mzigo.

Naye amejua. Tangu kona ya nne leo amejua, alipofuta kisu kwenye suruali akakikunja akatazama nje ya dirisha hakuwa akitazama mandhari, na sasa amekwenda kusimama nyuma ya tela, katikati, mahali alipokatazwa na kanuni yake mwenyewe, anaita kwa sauti isiyo na hasira, wala hanipimi tena, mtu hapimi kitu alichokwisha kukipima, amechoka tu, au ananipa nafasi nimalize nilichoanza, au amesahau kanuni, sijui, kwa mara ya kwanza tangu tuoane sijui mume wangu anataka nini na siwezi hata kujidanganya kwamba najua… filimbi inalia, "Dakika moja, mama!" madereva wameacha kutafuna, jino la dhahabu amesimama, ameweka mkono juu ya macho, anatazama kule nyuma, anaona kitu ambacho mimi sikioni, kisigino kiko palepale, gia iko palepale, na mdomo wangu umefunguka wenyewe na ninasikia sauti ya karani, ile ya kusoma majina ya watoto wasiokuwepo, inasema, upepo unavuja, baba, niliusikia asubuhi, niliusikia na ile Jumamosi, nilikuamini, inasema taratibu, kwa kioo cha mbele, kwa usukani, injini inanguruma juu yake, na nyuma kule anaita rudi, tajiri, rudi, nafasi iko, na dirisha langu liko wazi, limekuwa wazi muda wote, na ninaweza kupaza sauti, na sijaipaza.